Komeo la Chini

9 Januari

Wifi yangu,

Habari za huko tangu uondoke? Sisi tupo, hatujambo, ukiacha mafua yanayotuzunguka humu ndani. Mama yenu goti limetulia, mdomo ndio haujatulia: jana kaja, kafunua sufuria zangu zote, kasema mchuzi mwepesi, kala sahani mbili. Cherehani ilinigomea ila fundi kaitia mafuta, sasa inakwenda. Chiriku anakuulizia kila siku. Anawahadithia wateja wangu kwamba shangazi yake ana chumba chenye mipira mikubwa kuliko meza, na kazi yake ni kucheza na watoto mpaka jioni. Nimeona nisimharibie.

Sasa lile swali lako. Siku ile umekaa na mtoto barazani, umemgeuza mkono na kumpima vidole, uliniuliza: "Katika mambo yote, unataka mwanao aweze kufanya nini?" Ukaniambia nifikirie nikuandikie, maana hiyo tiba yenu kwa vitendo inaanza na kile familia inachokitaka, siyo kile mtaalamu anachokipenda. Ukanitajia kula kwa kijiko, kufunga vifungo, kuchana nywele.

Nimefikiria. Nataka ajue kufunga mlango kwa komeo, kwa mkono wa kulia, huo huo ulioharibiwa na mtindio wa ubongo.

Sababu nitakwambia wazi, maana nikiificha itanipasua kifua. Siku kaka yako anaondoka, Chiriku alikuwa hajatimiza miaka mitatu. Alisimama pale mlangoni na begi lake, akamtazama mtoto wake chini kwenye mkeka, akasema: "Huo mkono umekufa, usijisumbue nao. Hata mlango huu hataweza kuufunga." Kisha akatoka, akauacha wazi. Mvua ikaingia mpaka chini ya kitanda.

Najua iko siku atarudi. Wanaume wa namna ile hurudi wakishachoka huko walikokwenda. Siku hiyo nataka asimame pale pale aliposimama, afungiwe mlango usoni, na aufunge yeye, kwa mkono uliokufa. Mimi sitanyanyua hata kidole. Hilo ndilo lengo langu, liandike huko kwenye majalada yenu.

Halafu, wifi, yuko wapi huyo kaka yako? Ulipokuwa hapa nilikuuliza, ukaanza kusifia mapazia.

Mama Chiriku

*

2 Februari

Wifi yangu mpenzi,

Barua nimeipata, na salamu za mama pia nimezipata, nilimsikia kabisa akisema mchuzi mwepesi. Huku kazi imetuelemea. Mwenzangu kajifungua, nimebaki peke yangu na watoto wote, na kile kioo kikubwa tunachowakalisha mbele yake kimepata ufa. Nyumbani nako sofa langu limebonyea katikati, springi zimetoka, nakalia stuli.

Sababu yako nimeisoma mara moja, nikaikunja. Sitaijibu. Ila lengo nimelipokea. Kwa kweli ni zuri kuliko unavyodhani, maana mlango unataka mikono miwili: wa kushoto uusukume ukae vizuri, wa kulia ulisukume komeo. Wewe ukimpa kazi ya mkono mmoja, ule mzima utaiba kazi yote, na mgonjwa utabaki mgeni kwenye mwili wake.

Fanya hivi. Mwite seremala apige komeo la pili, la chini, usawa wa kifua cha Chiriku. Liwe laini, lipakwe mafuta, na kishikio chake ukizungushie kipande cha mpira wa baiskeli kiwe kinene, vidole vyake vipate cha kushika. Kisha tunaanza na mwisho. Wewe funga mlango, sukuma komeo mpaka libakize kidogo tu kuingia tunduni, halafu mwachie yeye amalizie. Asikie "ta!" Kila mara mwisho uwe wake. Akishazoea, mwachie nusu ya safari. Kisha safari nzima. Kisha na mlango wenyewe. Mtoto ukimwanzishia mwanzo anachoka kabla hajaonja ushindi, ndiyo maana tunakwenda kinyumenyume.

Asubuhi kidogo, jioni kidogo, akiwa ameshiba na anacheka. Akikataa, acha.

Mbusu mashavu yote mawili.

Shangazi mtu

*

6 Machi

Wifi,

Salamu tele. Huku jua kali, mama yenu kanunua redio mpya na sasa mtaa mzima unajua taarifa ya habari. Hana jipya zaidi ya hilo.

Komeo limepigwa. Seremala aliniuliza, "Mama, hili la chini la nini, mna paka anayejifungia?" Nikampa za uso. Chiriku kwa mara ya kwanza kulisikia likilia "ta!" aliruka, akataka kulisikia tena, na tena, mpaka mchuzi ukaungua. Sasa anamaliza nusu ya safari. Mdomo anautoa pembeni kama anayekata kitambaa kigumu, na wakati wote anaongea. "Nenda, nenda, ingia nyumbani kwako." Anaongea na komeo, wifi, utacheka.

Lakini polepole hii yako itanizeesha. Nimeongeza. Asubuhi, mchana, jioni, na nikipata mwanya kati ya mteja na mteja. Ule mkono wa kushoto ulikuwa mjanja sana, kila nikigeuka unarukia komeo, kwa hiyo nimeufunga kwa kitambaa ubavuni. Mlango namshikia mimi. Juzi alilia, nikamwambia ajikaze, kuna mtu anakuja.

Na sofa lako. Mimi nimekaa kwenye lile sofa. Wewe ni mwembamba kama uzi, watoto huna, wageni huwapendi. Springi hazitoki kwa mtu wa uzito wako, wifi. Yale mabonde nayajua, nimeyalalia miaka sita. Umenificha! Ulikaa barazani kwangu ukala chakula changu, ukamshika mwanangu mkono, na huku ufunguo wa nyumba yako umempa kaka yako.

Sikutukani. Nakuomba tu umsomee mstari huu, huyo anayelala hapo: mlango wako bado upo pale pale, kitu kimoja tu kimeongezeka. Njoo ukione.

Mama Chiriku

*

28 Machi

Wifi,

Leo salamu ni fupi. Tu wazima.

Umemfunga mtoto mkono! Nimesoma mara ya pili nikidhani macho yangu mabovu. Iko namna ya kuuzuia mkono mzima ili mgonjwa ufanye kazi, sikatai, lakini hufanywa kwa muda mfupi, na mtu aliyefundishwa, kwa mtoto aliyeandaliwa, na inakuwa mchezo. Siyo kitambaa ubavuni na "jikaze". Mwangalie kiganja chake. Naapa kuna lengelenge. Na mwangalie vidole akiamka asubuhi: kama vimerudi kujikunja ngumi, ni wewe uliyevirudisha.

Wewe unamfundisha mtoto au unanoa panga? Maana panga halilii.

Kila Ijumaa nina kikao cha wazazi hapa kliniki. Wanakaa kwenye benchi, nawavalisha soksi nene mikononi, nawaambia wafunge vifungo vya shati, na mimi nimesimama juu yao napiga makofi: haraka, haraka, mbona mvivu? Wengine hulia. Baba mmoja aliyekuja na kiburi chake alilitupa shati chini. Fanya na wewe. Vaa soksi, keti kwenye cherehani, tia uzi kwenye sindano, na mwite mama aje akuhimize kwa sauti ile ya redio. Kisha uniandikie.

La sofa silijibu kwenye barua hii. Hii ni ya Chiriku.

Shangazi mtu

*

14 Julai

Wifi yangu,

Nimekaa kimya muda mrefu, najua. Mara ya kwanza ilikuwa hasira, baadaye ikawa aibu, na aibu ni mvivu wa kuandika. U mzima? Kioo kimebadilishwa? Mwenzako na mtoto wake hawajambo? Mama yenu mzima, kapata rafiki wa kugombana naye dukani, kanenepa.

Lengelenge lilikuwepo. Na ngumi ilirudi. Sikukuandikia kwa sababu hiyo. Nilikaa na mkono wake kwenye maji ya uvuguvugu kila jioni, tukavifungua vidole kimoja kimoja, na hakuna mtu aliyetaja komeo. Soksi nilivaa. Sindano sikuiweza. Mama yenu sikumwita, nilijizomea mwenyewe, nikalia kweli.

Basi, siku moja niko nakata kitambaa nikasikia nyuma yangu: ta! Nikageuka, Chiriku kasimama mlangoni, mkono wa kushoto umeubana mlango, wa kulia uko kwenye komeo, ananitazama kama mwizi. Hakuna aliyemwambia. "Kuku wa jirani alikuwa anataka kuingia," akasema. Kafunga mlango wote, wifi, mwanzo mpaka mwisho, kwa ajili ya kuku.

Tangu hapo ndiye mlinzi wa nyumba. Kuku, upepo, mama yenu, wote wanafungiwa. Mimi huwa nalifungua komeo, yeye analifunga. Ngumi imelainika. Kijiko nacho anakishika siku hizi kwa kulia, hata sikumfundisha.

Lakini usidhani moyo wangu umelainika pamoja na mkono. Hapana. Nilikosea kwa mtoto, kwa baba yake sijakosea. Bado namngoja. Usiku, kabla sijalala, namchora uso wake anavyousikia ule mlio. Mwambie aje. Kama ni mwanaume, aje.

Mama Chiriku

*

11 Agosti

Wifi yangu,

Nakuandikia nimesimama, watoto wanangoja. Huku salama.

Kaka yangu alikuwa kwangu. Nalisema sasa kwa sababu hayupo tena. Alikuja mwaka jana, hana kazi wala pa kulala, na mimi ni mdogo wake, sikuweza kumfukuza. Barua zako nilikuwa namsomea yale ya mtoto tu. Ya kwako niliyaruka. Hii ya Julai aliisoma mwenyewe, aliikuta mezani, akaisoma yote. Akakaa wiki nzima akitembea sebuleni.

Leo asubuhi kapanda basi la huko. Sikumtuma na sikumzuia. Nakuomba kitu kimoja tu: lolote utakalomfanyia, lisipite mikononi mwa mtoto.

Shangazi mtu

*

20 Agosti

Wifi yangu,

Shikilia kiti. Kwanza salamu: sote wazima, nyumba haijaungua, na suti ya mteja wangu mmoja ina tundu la ukubwa wa sahani. Barua yako imefika jana. Yeye aliitangulia.

Umeme ulikatika siku hiyo, kwa hiyo nilikuwa napiga pasi ya mkaa. Nikakumbuka nguo kambani, na wingu linakuja. Nikaiweka pasi juu ya kibao chake, au hivyo nilidhani, nikatoka mbio. Chiriku kabaki ndani akipanga vifungo vyangu kwa rangi. Nina shuka mikononi, nageuka, namwona mtu getini. Kakonda, kashika mfuko wa plastiki. Nikamjua kwa mabega.

Wifi, mwaka mzima nimepanga maneno. Nilikuwa na maneno ya kumkata maini. Yote yakapotea, likabaki moja tu, nikapiga ukelele mpaka majirani wakatoka: "Chiriku! Funga!"

Ta!

Akafunga. Safi kabisa. Na mimi niko nje.

Cheka, nakuruhusu. Sijui nilijiona nimesimama wapi. Kwenye ndoto zangu zote nilikuwa ndani na mtoto, tumekaa kimya, yeye anabisha hodi. Sasa tuko nje sote wawili kama wapangaji wasiolipa, mimi na shuka, yeye na mfuko. Akanisalimu. Sikumwitikia. Nikaenda mlangoni, nikasema, "Mwanangu, haya fungua." Nikasikia sauti yake ndogo: "Sijui kufungua."

Hapo ndipo nilipotambua. Miezi yote hiyo, mimi na wewe na utaalamu wako, tumemfundisha kufunga. Kufungua huwa nafungua mimi. Kufunga ni kusukuma, kufungua ni kushika na kuvuta, ni kazi nyingine kabisa, na hakuna hata mmoja wetu aliyeliona hilo. Nikajisemea potelea mbali, ataketi humo tutafute seremala. Kisha nikasikia harufu ya nguo inaungua.

Pasi. Kumbe ilikuwa juu ya suti.

Dirisha lina nondo, unalijua. Kaka yako kautupa mfuko wake, kaja na bega lake kuuvunja mlango. Kausukuma mara moja, Chiriku ndani kalia, "Mama, unanigonga!" Alikuwa amesimama nyuma yake kabisa. Nikamrukia yule mwanaume, nikamvuta shati. "Toka! Ukiuegemea komeo linabana, hataliweza! Ondoa mikono yako!" Akaondoa. Akarudi nyuma mpaka kwenye ngazi, mikono hewani, hana pa kuiweka.

Nikaushika mlango kwa nje nikauvuta kwangu, upate nafasi. Nikaanza. "Mwanangu, mkono wa kushoto usukume mlango, kama unavyofunga." "Nimesukuma," akaitikia. "Wa kulia shika ile raba ya komeo." "Nimeshika." "Sasa vuta kuelekea dirishani." Nasikia anahema. Moshi umeanza kupita chini ya mlango, naona. "Vuta, Chiriku, haraka!" Akanijibu, "Usinihimize. Shangazi kasema polepole."

Na kule nyuma yule mtu naye akashindwa kujizuia. Akaita, "Vuta mwanangu, vuta, unaweza!"

Kisha Chiriku akasema, kwa sauti ile ya kuwakemea kuku: "Mama, nani huyo anaongea? Mwambie anyamaze. Nafanya kazi."

Wifi, nilimgeukia. Nilitaka kuuona uso wake na niliuona wote. Akajiziba mdomo kwa kiganja. Akanyamaza kama alivyoambiwa, akakaa kwenye ngazi, na akasikiliza. Alisikiliza vidole vikiteleza kwenye raba, na kushika tena, na kuteleza tena. Alimsikiliza mwanaye akiliambia komeo, "Toka, toka nyumbani kwako." Wakati wote huo hakuwa na la kufanya isipokuwa kuungoja ule mkono. Na mimi, na mwanangu humo ndani na moshi, nakwambia kweli ya Mungu: sehemu moja ya moyo wangu ilikuwa inasema, ngoja. Ngoja, mwanaume. Hivi ndivyo tulivyongoja sisi.

Komeo likatoka. Nikampita mtoto, nikaikamata pasi, nikaitoa uani na suti yake. Niliporudi, kaka yako kasimama mlangoni, pale pale, na Chiriku kasimama mbele yake, jasho linamtoka puani. Kamwamkia. "Shikamoo." Adabu zote nilizomfundisha. Kisha akamwangalia kwa upole, kama anavyowaangalia wateja wangu, akasema, "Karibu. Unamtafuta nani?"

Alikuwa na nafasi. Nilijua ana nafasi, na sikumziba mdomo. Angesema neno moja tu, "wewe". Nilisimama na kidonda changu nikamngoja alitamke, na sijui ningefanya nini kama angelitamka.

Akasema, "Nilikuwa napita tu."

"Haya," Chiriku akasema. "Karibu tena." Akausukuma mlango kwa kushoto, akalisukuma komeo kwa kulia. Ta.

Sikumwambia ni nani. Kaniuliza mara moja tu, "Yule mjomba alikuwa analia kwa moshi?" Nikasema ndiyo. Mfuko wake ulibaki barazani, una viatu vya mtoto wa miaka mitatu, jozi moja. Sijui alinunua lini.

Uliomba lisipite mikononi mwa mtoto. Limepita. Lakini sikulipitisha mimi, wifi, na mtoto mwenyewe hakujua amebeba nini. Mimi nilitaka baba yake afungiwe kwa hasira, angalau angekuwa mtu wa kukasirikiwa. Nimelala usingizi mzito usiku ule, sikufichi, na sijutii hata kidogo.

Najua amerudi kwenye sofa lako. Mwambie akitaka kujitambulisha, aandike, lakini asiniandikie mimi. Amwandikie mwenye nyumba, Chiriku, jina lake juu ya bahasha. Nitamsomea neno kwa neno, sitaruka. Ila bahasha ataifungua mwenyewe, kwa mikono miwili, na siku hizi hataki kusaidiwa. Inachukua muda. Kisha atafikiria kama anataka kujibu, na kalamu bado hatujaanza.

Atasubiri.

Mama Chiriku